Siku za Kisangani Kabla ya Boti

Anayepanda meli ya watalii Mombasa anaijua saa ya kuondoka tangu siku aliyolipa tiketi. Meli ile haimsubiri mtu, hata kama ndege yake imechelewa. Ndiyo maana wazoefu hufika siku moja au mbili kabla, wakazunguka Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale huku wakijiwekea akiba ya muda.

Kwetu Ituri hesabu hiyo imegeuka juu chini. Mtu wa Bule au Bunia anayetaka kushuka mto Kongo hadi Kinshasa ataanzia Kisangani, na huko anayechelewa ni boti. Tarehe hutajwa, kisha hutajwa nyingine. Kwa hiyo kupanga siku za mjini ni kupanga mfululizo: kipi kionwe kwanza ili boti ikiita kesho usijute, na kipi kisubiri ili ikikawia juma zima usichoke.

Mto wenyewe ndio ulioupa mji kazi ya kuwa mwanzo wa safari hiyo. Juu ya Kisangani, kuanzia Ubundu, maporomoko saba ya Boyoma yameziba njia kwa kilomita kama 100. Wabelgiji waliyazunguka kwa reli ya kilomita 125, ikafunguliwa mwaka 1906. Chini ya mji maji yako wazi hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, bila poromoko hata moja. Mzigo wa kwenda mji mkuu unakusanyika hapo, na mzigo ndio unaoamua siku. Boti inaondoka ikijaa.

Kufika Kisangani ni habari yake. Barabara ya kitaifa namba 4 hupita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, na ukitoka Bunia ni karibu kilomita 700. Kwa hali ya usalama ya miaka hii, mimi simshauri mtu aipite kwa ajili ya matembezi. Mfanyabiashara ana sababu zake. Mtembezi anaweza kungoja ndege ya Murongo, uwanja wa Bunia. Uliza mapema kilo unazoruhusiwa, kwa maana vyombo vya safari ya majini ni vizito, na vingi vinapatikana Kisangani kwenyewe.

Ukishaweka begi pa kulala, nenda bandarini kabla ya kuona kitu kingine chochote. Kuna matishari ya chuma yanayosukumwa na meli, na kuna boti kubwa za mbao zenye injini, zile ambazo wote huziita baleinière. Usimuulize anayekata tiketi peke yake boti itaondoka lini, maana kazi yake ni kukuuzia nafasi. Waulize wapakiaji ni magunia mangapi bado yanasubiriwa. Wao wanabeba kwa mgongo, wanajua.

Kesho yake alfajiri, nenda kwa wavuvi Wagenia. Wako kilomita chache juu ya mji, kwenye poromoko la mwisho kati ya yale saba, na hapa ndipo ningekuomba usiharakishe hata kama boti inanusa safari. Magogo marefu yamesimikwa katika nyufa za miamba katikati ya maji yanayochemka, yakaunganishwa na kukazwa kwa kamba za mwituni bila msumari. Juu yake wavuvi wanatembea miguu mitupu. Chini imening'inizwa migono ya fito yenye umbo la pia, mdomo wake mpana kiasi cha kummeza mtu mzima. Samaki akipitishwa na mkondo mdomoni, nguvu ya maji ile ile inambana mwishoni asiweze kugeuka. Mgono hauna mlango wala chambo. Mto unafanya kazi yote. Kazi ya binadamu ni kusimika magogo na kuyasimika tena yakichukuliwa na mafuriko, na kuteremka kuivuta migono bila kuchukuliwa yeye. Nenda na mwenyeji, salimia wakubwa wa kijiji, kubalianeni malipo kabla ya kutoa simu kupiga picha. Na kuhusu picha: bandari, daraja na askari waache. Picha moja ya daraja inaweza kukumalizia nusu siku ofisini ukijieleza.

Jiji lenyewe linatembeleka kwa mguu, au kwa toleka, baiskeli yenye kiti cha nyuma chenye mto, ingawa pikipiki zimeisukuma pembeni. Makiso ndiyo katikati. Kanisa kuu la Mama Yetu wa Rozari limesimama kando ya maji. Mji huu uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, na Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapa miaka ya 1950 kabla siasa haijamchukua. Kabla yake alikuwapo Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Kiswahili unachosikia sokoni, kimechanganyika na Lingala, kilifika na misafara ya watu kama yeye. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mitaa hii, na wenyeji watakuonyesha makovu yaliko, ukiuliza kwa adabu.

Boti ikiwa bado haijaita, vuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga, ukaone stesheni ile ya reli ya Ubundu. Jioni kula liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani na kuiva juu ya makaa, pamoja na lituma, ndizi zilizopondwa. Hayo yanaweza kurudiwa kila siku bila hasara.

Soko liwe la mwisho. Wengi hununua chakula siku ya kwanza kwa wasiwasi, kisha wanakila hotelini boti ikingoja mzigo. Mchele, chumvi, makayabu (samaki wa chumvi), chandarua, turubai, dawa za malaria na dumu la maji: nunua wapakiaji wakishasema magunia yamekwisha. Mboga na samaki usijaze, kwani wanavijiji watakuja na mitumbwi hadi ubavuni mwa boti kuuza.

Kabla ya kupanda, tazama ubavu wa boti. Kama ukingo unakaribia kugusa maji ikiwa bado imefungwa gatini, rudi hotelini, hata kama umeshalipa. Uliza jaketi la kuokolea liko wapi na ulivae kuona kama linakufaa. Uliza kama boti inatia nanga usiku, maana ajali nyingi za mto huu hutokea gizani. Tazama pia wanapopikia. Aprili 2025 boti ya mbao iitwayo Kongolo ilishika moto karibu na Mbandaka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Tafuta nafasi mbali na majiko na mapipa ya mafuta, hata kama ni jua kali.

Mkishaondoka mtapita Yangambi yenye kituo cha utafiti wa kilimo, Isangi ambako mto Lomami unaingia, halafu Basoko. Ukifika Basoko amka. Maji yanayoingia kutoka kulia yanaitwa Aruwimi, lakini ni mto Ituri uliobadilisha jina njiani: sehemu ya mvua ya milima yetu imeshuka hadi hapa, wakati ile ya upande wa pili wa kilele imekwenda ziwa Albert na Nile.

Wanaokusubiri Kinshasa usiwape tarehe ukiwa Kisangani. Wapigie ukifika Bumba, kisha tena Mbandaka, hapo hesabu ya siku inaanza kuaminika. Na ukiwatajia saa, taja saa ya Kinshasa, kwa kuwa wako nyuma yetu kwa saa moja.