Je, Wajua? Gobore la Babu na Sheria ya Leo

Je, wajua kwamba gobore la marehemu babu, hata likiwa limeliwa na kutu, bado ni silaha mbele ya sheria? Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni, na leseni ni ya mtu. Hairithiwi kama kibanja.

Je, wajua kwamba Marekani mambo ni tofauti? Sheria yao ya shirikisho ya 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa hadi mwaka 1898 kuwa kitu cha kale. Utetezi huo usiupeleke kwa hakimu wa Wilaya ya Muleba. Hapa kumiliki gobore bila leseni huweza kusomwa kama kosa la uhujumu uchumi, na wapo waliohukumiwa miaka 20.

Je, wajua kwamba mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki za kisasa zisiuzwe ovyo Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi 22 kusini, lakini gumegume na baruti ya kawaida yakaziachia mlango? Mwaka huohuo Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Mkoloni akabaki na bunduki ya kupakia nyuma, mwenyeji akaachiwa ya kushindilia kwa mdeki. Hiyo haikuwa huruma.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Bumbire, Muleba, kilikwishaonja baruti nyeusi mwaka 1875? Mpelelezi Stanley alirudi pale Agosti kulipiza kisasi, akawamiminia risasi za bunduki za Snider watu wenye pinde na mikuki.

Je, wajua kwamba baruti hiyo humchongea mpigaji? Askari wengi wa Kijerumani Afrika Mashariki waliingia vita vya 1914 na bunduki za Mauser za 1871. Kila mlio uliacha wingu jeupe, na adui akajua pa kulenga. Katika vita hivyohivyo Waingereza waliiteka Bukoba Juni 1915, na mwindaji maarufu Frederick Selous alikuwamo.

Je, wajua adui mkubwa wa mtutu ni nini? Masizi. Hunyonya unyevu, na Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masizi hayo huoshwa kwa maji ya moto, kisha chuma kikaushwe na kupakwa mafuta.

Je, wajua kwamba baruti ya risasi za kisasa ikitiwa kwenye gobore huweza kupasua mtutu? Na lile lililochongwa kwa bomba la maji linaweza kupasuka hata kwa baruti yake lenyewe. Fundi wake naye ana kesi: kutengeneza silaha bila leseni ni kosa.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019, imefika hadi Muleba? Kuingia humo na gobore bila kibali ni kosa jingine kabisa.

Je, wajua kwamba baruti iliyoshindiliwa miongo mingi iliyopita, ikiwa kavu, bado hulipuka? Kwa hiyo ukilikuta gobore darini, usilichokonoe wala kulijaribu. Umoja wa Afrika umeitenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na Tanzania imewahi kutoa msamaha huo. Lakini hata mwezi huo usilifunge kwenye bodaboda kulipeleka kituoni, maana ukikamatwa njiani utaeleza nini? Liache lilipo, mwite mwenyekiti wa kijiji na polisi kata walifuate.