Muziki Mnene, Mapenzi Matamu

Msomaji wangu, kwenye magari mengi ya wawili wapendanao kuna ugomvi mmoja: mmoja anataka besi, mwingine anataka mazungumzo. Mimi na mwenzangu, tunaopita barabara za vumbi za Nyakatuntu, Kyerwa, tumeelewana hivi.

Kwanza milango, sabufa baadaye. Sauti ya mwimbaji inatoka spika za mbele; sabufa kazi yake ni mngurumo wa chini ya hezi 80 hivi. Kaza vibao vya milango, weka na sponji, maana makorongo yetu hutikisa kila kitu.

Pili, buti. Ukweni hamtoki bila mkungu wa ndizi, sasa boksi kubwa litaleta maneno! Sisi tumechagua sabufa nyembamba ya chini ya kiti. Ukipenda boksi, lililozibwa hutoa besi iliyokaza. Lenye tundu hupiga kwa nguvu zaidi.

Tatu, usalama. Waya wa amplifaya ukitoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, la sivyo waya ukichubuka ni moto. Besi ikipotea, kagua chanya na hasi: spika moja ikigeuzwa, sauti hufutana.

Mwisho, masikio. Desibeli 85 zinavumilika saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu. Jaribuni kwa Saida Karoli, binti wa Kagera: ngoma isikike, sauti yake isizame, na laazizi akisema "nakupenda", asilazimike kupiga kelele.