Umepata sarafu yenye tundu la mraba Unguja? Isome hivi kabla hujaiuza

Sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, iwe ya shambani au ya duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, wengi huiita "ya Mchina". Si lazima. Vietnam nayo ilitengeneza sarafu za aina hiyo kwa karibu miaka elfu moja.

Za China Unguja zipo kweli. Mwaka 1945, huko Kajengwa, Makunduchi, lilipatikana lundo lake. Nyingi zilikuwa za enzi ya Song (960–1279).

Hatua za kuitambua

1. Angalia tundu. Haina tundu na ina picha ya mizani? Huenda ni pesa ya Sultan Barghash, ya mwaka 1299 Hijria (1882).

2. Soma herufi nne. Mara nyingi jina la kipindi cha mfalme liko juu na chini. Za kulia na kushoto husema tu kwamba hii ni fedha. Baadhi ya sarafu za Song husomwa kwa kuzunguka, kama mshale wa saa.

3. Tafuta jina. Programu ya kutafsiri kwenye simu inaweza kusaidia. Gia Long (1802–1820) na Minh Mạng (1820–1841) ni wa Vietnam.

4. Igeuze. Maandishi ya Kimanchu nyuma ni alama ya enzi ya Qing ya China (1644–1912). Nyuma kutupu hakuthibitishi kitu: za Vietnam na za Song nyingi ziko hivyo.

5. Pima. Vietnam iliwahi kunakili hata majina ya Song. Nakala hizo mara nyingi ni ndogo, nyembamba na nyepesi.

Usiisugue!

Ndimu, mchanga na brashi ya waya hufuta herufi, na zikifutika ndo basi. Piga picha pande zote mbili pamoja na rula, andika ilipopatikana, kisha waone watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Mahali ni muhimu kuliko bei. Lundo haliwezi kuwa lilifukiwa kabla ya sarafu yake changa kuliko zote kutengenezwa. Hivyo ndivyo wataalamu hukadiria umri wake. Ukiuza mojamoja, hesabu hiyo inapotea, na habari za biashara ya Unguja na Mashariki ya Mbali zinapotea nayo.