Nusu ya mwaka 2025: njia, kitabu na miti ya shimo

Kila mwisho wa mwezi wa sita tunafungua daftari ya sendika na kuangalia tulienda wapi, tulikutana mara ngapi, falanga ilitoka wapi na ilienda wapi. Mwaka huu daftari iko na mambo ambayo si ya sendika: bei ya viazi, majina ya watu wa jamaa waliotoka Goma, namba za kurasa za kitabu. Tukisema «sisi» ni watu wa sendika ndogo ya wachimba dhahabu, wenye makao hapa Butembo. Mara zingine ni nyumba yetu tu, juu mwaka huu sendika na nyumba vilikaa chini ya bati moja.

Njia ya Goma ilikuwa imekwisha kukatika mbele ya mwaka kuanza. M23 walikamata Kanyabayonga mwezi wa sita 2024, na kutoka hapo kamiyo zetu zilikuwa zinapita kwa ruhusa ya watu wengine. Halafu tarehe 27 Januari 2025 wakaingia Goma yenyewe. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabanki yakafungwa. Wakulima wa Masereka, waliozoea kupakiza viazi na kabeji kwa ajili ya Goma, wakamwaga mali yao kwenye masoko ya Butembo. Kwa majuma machache tulikula viazi kwa bei ya chini sana, na mtu alikuwa anakula na haya, juu alijua ni jasho ya nani.

Serikali ya jimbo ikahamia Beni. Hapo kuna jambo la kuchekesha, kama mtu angali na nguvu ya kucheka. Miaka yote tulilia kwamba kwa kila karatasi, kwa kila muhuri, mchimbaji wa Lubero analazimishwa kwenda Goma, karibu kilomita 300. Sasa ofisi zimetufuata, ziko Beni, kilomita 54 tu kutoka Butembo. Tulienda Beni mara sita kati ya mwezi wa pili na mwezi wa sita, kufuata karatasi za kooperative moja ya wachimbaji. Tulipita Maboya, tulipita Kabasha, vumbi mpaka kwenye meno. Mahali pengine motari anaongeza mwendo bila kusema kitu na abiria naye hamuulizi. Kutoka mwezi wa kumi 2014 watu wa Beni wanazika watu wao, kwa hiyo kila mtu anajua mahali pa kuongeza mwendo. Karatasi hazijatoka mpaka leo. Kilomita zimepunguka, lakini «rudini kesho» imebaki na urefu wake.

Safari ambayo hatutaisahau ni ile ya mwisho wa mwezi wa pili. Mama yetu mdogo alikuwa anaishi Goma, mwalimu wa masomo ya msingi aliyepumzika. Watu wengi wa Butembo wanajua ile njia aliyoifuata: Goma, Rutshuru, Bunagana, halafu Uganda, Kisoro, Mbarara, Kasese, halafu kurudi Kongo kwa mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Mtu anatoka jimbo la Kivu ya Kaskazini, anazunguka inchi ya watu, ili aingie tena Kivu ya Kaskazini. Zamani alikuwa anapanda basi asubuhi, na kama njia ni nzuri anafika siku ile ile. Safari hii alitumia siku nne. Miguu ilivimba, akashindwa kuendelea Kasese, akatutumia ujumbe kwa telefone ya mtu. Tukashuka Kasindi, tukapata karatasi ya kuvuka, tukaenda kumtafuta.

Kasese si ugenini kabisa. Tunawasalimu kwa Kinande, wanaitika kwa Lukonzo, na hakuna anayetafuta mtu wa kutafsiri. Mama mdogo alikuwa amelala kwa mjane mmoja ambaye hakutaka kupokea hata shilingi moja. Munganga alisema apumzike siku mbili. Siku ya pili, badala ya kukaa tu, tukapanda Kilembe, bonde la juu ya mji, kwenye machimbo ya shaba. Mtu wa sendika akisikia machimbo iko karibu, miguu inaenda yenyewe.

Kilembe ilikuwa kazi kubwa wakati mmoja. Reli ililetwa mpaka Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba yake, na mwanzo wa miaka ya 1980 kazi ikasimama. Baadaye mto Nyamwamba ulikasirika, 2013 na tena 2020, ukabeba nyumba na madaraja, na mawe makubwa ungali unayaona kila mahali. Tulikutana na mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya udongo alipokuwa kijana. Hatukumuuliza mshahara, tulimuuliza miti. Wale wenye kuchimba wataelewa: miti ya kushikilia juu ya njia ya chini ya udongo, ili mlima usikuangukie. Mzee akasema kwao kulikuwa kikundi cha watu wa miti peke yake, wanalipwa kwa ile kazi, na mkubwa wao akisema «hapa hapaingiwi», hata mzungu haingii. Tuliandika maneno hayo kwenye daftari bila kujua kama yatatusaidia.

Tulipofika Butembo, mama mdogo akafungua mfuko wake. Nguo mbili, dawa, na kitabu kinene chenye jalada lililopasuka: «Germinal», cha Émile Zola. Tukasema, mama, kati ya vitu vyote ulibeba hiki? Akatucheka. Hakukibeba kwa kukipenda. Aliweka diploma zake katikati ya kurasa zisikunjamane, na kitabu kizito kilikuwa kizuri kwa ile kazi. Alipewa zawadi akiwa masomo ya sekondari, na alikuwa hajakimaliza.

Hivyo njo tulianza kusoma. Kila siku ya Mungu nyuma ya misa, wachimbaji walioshuka kutoka upande wa Manguredjipa wanakuja kukaa kwenye uwanja wetu kungojea motari za kesho. Mama mdogo anasoma kipande kwa Kifaransa, halafu anakisema kwa Kiswahili. Kifaransa chetu ni cha sekondari, kinatosha kwa barua ya malalamiko; kwa Zola hakitoshi. Yeye alikuwa anasimama, anafikiri, anasema: «Huyu mutu anasema hivi.» Na watu wanakaa kimya.

Kitabu kilitoka Ufaransa mwaka 1885. Mwaka mmoja mbele, Zola alienda Anzin, kaskazini ya Ufaransa, wachimbaji wa makaa ya mawe wakiwa katika mgomo, akashuka chini akaone mwenyewe. Katika kitabu, kampani inawapiga wachimbaji faini kwa sababu wanasimamisha miti vibaya. Wanasimamisha vibaya kwa nini? Juu wanalipwa kwa vigari vya makaa, na dakika ya kupiga mti ni dakika isiyolipwa. Halafu kampani inatafuta akili: itawalipa miti kando, lakini inapunguza bei ya kila kigari kutoka santimu 50 mpaka 40. Wachimbaji wanapiga hesabu na kuona kwamba wanaibiwa. Nyuma ya siku chache njia inaanguka, mtoto mmoja wa familia ya Maheu anavunjika miguu, na mgomo unazaliwa.

Mama mdogo aliposoma hapo, kijana mmoja akasimama akasema: «Huyu muzungu alifika kwetu lini?»

Kwa msomaji wa mjini tuseme wazi. Kwenye kariyeri zetu mwenye shimo tunamwita PDG. Anatoa chakula, vyombo, falanga ya kuanzia. Wachimbaji wanatoa mikono. Dhahabu ikitoka, wanaondoa madeni, wanagawanya. Matata iko kwenye neno «madeni». Mashine ya kupampu maji ni deni la wote, linaondolewa mbele ya kugawa. Miti kwenye mashimo mengi si deni la mtu. PDG anasema miti iko porini, kateni. Na siku ya kukata miti ni siku bila dhahabu, na pori la kule siku hizi si mahali mtu anaingia na shoka bila kuogopa wenye kuua. Basi wanaweka mti mmoja mahali pa mitatu.

Mwaka huu bei ya dhahabu ilitusukuma zaidi. Katikati ya mwezi wa tatu onsi moja, yaani gramu 31, ilipita dola 3.000 mara ya kwanza katika historia, na mwezi wa nne iligusa 3.500. Wachimbaji wanasikia radio sawa watu wote. Walifanya hesabu: gramu moja inapita dola 100 huko ng'ambo. Walipomuuliza mnunuzi kwa nini kwake haifiki hapo, akajibu njia, barieri, hatari. Sehemu ni kweli. Lakini bei iliyoongezeka kidogo ilitosha kuwashusha chini zaidi. Sheria ya machimbo ya inchi yetu inasema mchimbaji wa mikono asipite mita 30. Tumeona kamba ambazo peke yake zinapita hapo.

Mwezi wa nne, juma moja mbele ya Pasaka, shimo moja likaanguka. Hatutaji mahali. Kijana wa miaka 19 alibaki na mguu chini ya jiwe usiku mzima, wenzake wakichimba kwa mikono na sahani. Walimleta Butembo kwa moto, katikati ya watu wawili, karibu kilomita mia moja ya udongo wa mvua. Ameishi. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Alikuwa amekaa kwetu kwenye uwanja siku ile ya vigari na santimu, alikuwa amecheka.

Tuseme ukweli wetu pia. Sisi wa sendika tulikuwa na maneno ya yule mzee wa Kilembe kwenye daftari kutoka mwezi wa pili. Tulikuwa tumesoma kile kipande. Na hatukuwa tumeenda kwa PDG hata mmoja kusema habari ya miti, juu tulikuwa tunafuata karatasi Beni. Mama yake kijana hakutulaumu. Alituuliza tu kama tutaendelea kusoma.

Mwezi wa tano tukaanza kuzunguka. Tuliomba kitu kimoja: gharama ya miti na siku za watu wa miti ziondolewe mbele ya kugawa, sawa pampu, na kila shimo liwe na mtu mmoja wa miti mwenye haki ya kusema leo hatushuki. Tulikutana na wenye mashimo saba. Mmoja alikubali siku ile ile. Baba yake alifia chini ya udongo. Wawili walikubali nusu: miti ndiyo, haki ya kusimamisha kazi hapana. Wengine wanne walitupa chai.

Kati ya wale wanne kuna mmoja tutamkumbuka kwa sababu nyingine. Tarehe 8 Mei Papa mpya alichaguliwa, na nyuma ya siku mbili akaeleza kwamba alichukua jina la Leo kwanza kwa ajili ya Leo wa XIII, aliyeandika «Rerum Novarum» mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Katika diosezi ya Butembo-Beni habari hiyo ilipita mbio kuliko bei ya dhahabu. Tukatafuta ile barua kwa Kifaransa, tukaisoma: mshahara wa haki, na haki ya wafanyakazi kuungana. Tukaenda kwa yule PDG, mkristo wa safu ya mbele kanisani, tukijua tumemshika. Kumbe naye alikuwa ameisoma. Akatufungulia pahali Papa anasema mali ya mtu iheshimiwe. Tulibishana saa mbili, na tunakubali kwamba alikuwa amesoma vizuri kuliko sisi. Amesema turudi mwezi wa nane.

Tarehe 27 Juni mawaziri wa Kongo na Rwanda wakatia sahihi mapatano kule Washington. Siku tatu nyuma tukafika miaka 65 ya uhuru. Hapa Butembo watu walisikiliza radio, halafu wakauliza kama basi ya Goma itapakiza lini. Wale wakimbizi wa kusini ya Lubero waliolala kwenye nyumba za jamaa kutoka mwaka uliopita wangali wamelala humo.

Kwenye daftari tumeandika hivi: safari sita Beni, moja Kasese, tatu upande wa Manguredjipa, na zingine mbili zilizoshindikana kwa sababu njia ilifungwa. Shimo moja lenye mtu wa miti anayelipwa, mawili nusu. Mguu mmoja. Kitabu, kurasa zaidi ya nusu. Tumefika pahali wachimbaji wanatembea kutoka shimo mpaka shimo wakililia mkate, na mama mdogo anasema mbele kuko ubaya zaidi. Yule kijana anakuja kila siku ya Mungu na magongo yake. Anakaa karibu na mlango, na kama mtu anaongea wakati wa kusoma, yeye ndiye anamnyamazisha.

Siku ya Mungu ijayo hatutasoma. Mama mdogo anashuka Kasindi kumpokea jirani yake wa Goma, anayekuja kwa njia ile ile. Kitabu ametuachia. Diploma amezitoa ndani, juu masomo moja ya hapa Bulengera imemuomba azilete.