Mlango wa Stesheni na Haki ya Mwenda kwa Miguu

Mtu afikaye leo mbele ya Flinders Street Station, mjini Melbourne katika nchi ya Australia, hukuta nguzo fupi za chuma zimesimama safu ukingoni mwa njia ya miguu. Jengo lenyewe ni la zamani. Lilikamilika mwaka 1910, na saa zilizopangwa juu ya mlango wake mkubwa zimekuwa mahali pa miadi kwa wenyeji tangu enzi za babu zao. Nguzo ni za juzi tu. Twataka kuzizungumza, maana habari yake yawahusu wafanya kazi wa kila mji wenye reli. Hao ndio washukao kwa maelfu asubuhi na kurudi kwa maelfu jioni, na wengi wao hawana motokaa.

Tarehe 20 Januari 2017, mtu mmoja aliipeleka motokaa yake kwa makusudi juu ya njia za miguu za Bourke Street, akaua watu 6 na kujeruhi wengine wengi. Kabla ya hapo alikuwa akiizungusha motokaa hiyo katika njia panda iliyo mbele ya stesheni, machoni pa watu. Mwezi Juni wa mwaka huo huo yakaletwa mapande makubwa ya saruji, yakawekwa sehemu kadhaa za katikati ya mji. Yalikuwa na sura mbaya kweli kweli, na wenyeji wakayavisha vitambaa na kuyapamba kwa rangi, jambo ambalo sisi twaliona kuwa la kistaarabu kuliko kunung'unika. Miaka iliyofuata yaliondolewa kidogo kidogo, zikasimamishwa nguzo za chuma.

Lakini kabla mwaka haujaisha msiba ulirudi. Tarehe 21 Desemba 2017, saa kumi na nusu ya jioni ikiwa imepita na Krismasi ikiwa siku nne mbele, motokaa nyingine ilipita taa nyekundu ikawavamia watu katika Flinders Street yenyewe. Waliojeruhiwa walizidi 15, na mzee mmoja wa miaka 83 akafa siku chache baadaye. Watu hao walikuwa wapi? Walikuwa katika kivuko, wakivuka barabara kwa ruhusa ya taa. Nguzo huweza kumlinda aliyesimama pembeni. Lakini kila atokaye stesheni hana budi kuvuka, na katikati ya barabara hapawezi kusimikwa nguzo. Hapo mwenda kwa miguu hulindwa na mwendo mdogo wa motokaa, na kwa uchache wa motokaa zenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Vyuma vingi tuvionavyo kando ya barabara za miji havikuwekwa kuzuia motokaa hata kidogo. Viliwekwa kumzuia mwenda kwa miguu asivuke mahali pasipotakiwa. Mjini Seoul, tarehe 1 Julai 2024, motokaa iliyokuwa ikienda upande usio wake karibu na stesheni ya City Hall ilivipita vyuma vya namna hiyo kama ua la mabua, ikaua watu 9. Yule dereva hakuwa mshambuliaji. Basi na asifikiri mtu kwamba shauri hili ni la kuwahofu maadui tu. Mzee aliyekanyaga mafuta akidhani ni breki huweza kuua sawasawa na mwenye chuki.

Nguzo iliyo ya kweli ni kazi ya ufundi. Sehemu ionekanayo ni ndogo. Nguvu yake imo chini, katika msingi wa zege na vyuma vilivyofungamana. Na mbele ya stesheni ya zamani, chini ndiko kwenye taabu, maana huko mna mabomba ya maji, nyaya za umeme, pengine na dari ya njia ya chini kwa chini. Tena motokaa ikiongeza mwendo mara mbili, kishindo chake huongezeka mara nne. Kwa hiyo barabara iliyonyoka hadi mlangoni hudai nguzo nzito, na barabara yenye kona huridhika na nyepesi. Fundi mwenye akili huanza kwa kuipinda barabara.

Kisha kuna mwanya. Huko Uingereza mafundi hufuata kanuni kwamba nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi mita 1 na sentimita 20, isije motokaa ndogo ikapenya. Mtu mzima mwenye mikono mitupu hupita hapo bila shida. Je, mama mwenye mtoto mgongoni na mizigo miwili? Je, mchukuzi na mkokoteni wake, au mtu wa kiti cha magurudumu akutanaye na umati unaomjia usoni? Kipofu mwenye fimbo nyeupe huikuta nguzo kwa goti ikiwa ni fupi mno, na mwenye macho hafifu haioni ikiwa rangi yake ni ile ile ya sakafu. Mambo haya yana dawa rahisi: nguzo iwe ya mita moja, iwe na mshipi wa rangi ing'aayo, na isiwekwe pale watu wanapobanana. Lakini dawa hiyo hutumika endapo mwenye kuchora amewahi kusimama hapo asubuhi na kuwahesabu wapitao.

Kubana mlango nako kuna hatari yake. Huko Volgograd, Urusi, tarehe 29 Desemba 2013, bomu lililipuliwa ndani ya mlango wa stesheni, pale pale penye mashine za kukagua abiria. Foleni iliyofanywa kwa ajili ya usalama ndiyo iliyopigwa. Kila saa umati unapozuiliwa nje, umati huo huwa shabaha.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatukusimuliwa mambo haya. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulipigwa kwa bomu lililochukuliwa katika lori, hatua chache kutoka stesheni ya reli, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao wakiwa wapita njia na watu waliokuwa kazini. Siku hiyo hiyo mjini Dar es Salaam wakafa watu 11. Lori la bomu lilikuwa limezuiwa kwa sehemu na gari la maji lililokuwa langoni. Tangu hapo twajua thamani ya kizuizi, na ye yote anayezidharau nguzo hatumsikilizi.

Lakini twauliza, ni nani anayetakiwa kuitoa nafasi yake? Mara nyingi nguzo husimikwa juu ya njia ya miguu, ile ile iliyokuwa nyembamba, na motokaa hazipunguziwi hata shubiri moja. Melbourne walijua njia nyingine mapema: tangu mwaka 1992 motokaa za watu binafsi zilizuiwa kupita mchana katika sehemu kubwa ya Swanston Street, ipitayo ubavuni mwa stesheni, na barabara ikaachiwa tramu na watu. Wenye maduka walilalamika. Barabara haikufunguliwa.

Reli mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na stesheni nyingine zitajengwa. Michoro yake itakapoletwa mbele ya wakubwa, twaomba waanze na karatasi ya waenda kwa miguu: wanatoka wapi, wanavuka wapi, wangapi kwa saa moja, na mwenye kiti cha magurudumu apite mlango gani. Karatasi ya maegesho ya motokaa na ingoje chini yake.