Maji ya kioo yakikataa kutoka: Umeme upimwe kabla ya pampu kununuliwa

MADEREVA wanaotumia barabara za Kitui na Makueni wanayafahamu vyema mambo mawili yawezayo kuwafumba macho kwa ghafla: vumbi jekundu la kiangazi, na matope mepesi yanayorushwa na magurudumu ya malori mara tu mvua za Oktoba zinapoanza. Waipa peke yake haiyawezi. Ikipita juu ya vumbi kavu hukikwaruza kioo. Ikipita juu ya matope haba huyapaka kote hadi dereva asiione hata boneti ya gari lake mwenyewe.

Aendaye kwa kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu waliyowekewa wenye matatu katika kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za kutoona ni mita 66. Kati ya Salama na Mtito Andei, ambako malori ya kwenda na kutoka bandari ya Mombasa hufuatana mchana na usiku, mita hizo ni nyingi mno. Hali haina nafuu kwa anayeelekea Zombe asubuhi, jua likiwa limemkabili, kwani vumbi lililo kiooni hugeuka pazia jeupe.

Kwa hiyo pampu ndogo inayorusha maji kiooni si pambo. Ajabu ni kwamba inaponyamaza, wengi hukimbilia duka la vipuri, wakanunua pampu nyingine, wakaifunga, nayo ikanyamaza vilevile. Kilichokosekana hakikuwa pampu bali umeme wa kuiendesha, na ni nadra kwa mwenye duka kukubali kurudishiwa kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa garini.

Njia ya umeme huo si ndefu. Mkondo hutoka kwenye betri, ukapita swichi ya ufunguo na fyuzi, ukaingia katika mota ya pampu iliyo chini ya tangi la maji, kisha ukarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Kijiti kilicho kando ya usukani ndicho kinachoufunga na kuufungua mzunguko. Katika magari mengi ya Ulaya, kijiti huwa upande wa chanya, yaani hakuna umeme unaofika kwenye pampu mpaka kivutwe. Katika Toyota nyingi, na kadhalika magari mengine ya Kijapani ambayo ndiyo yaliyojaa Ukambani, mpango huwa kinyume: waya chanya hufika kwenye pampu mara tu ufunguo unapowashwa, na kijiti hukamilisha safari ya kurudi, upande wa hasi. Fundi asiyelijua hilo huona umeme umefika kwenye pampu kabla ya kijiti kuguswa, akadhani waya zimegusana, akaanza kuzikata zisizo na hatia.

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote. Injini izimwe, ufunguo uwashwe, mtu mmoja avute kijiti na mwingine atege sikio karibu na bampa ya mbele au ndani ya boneti, kutegemea lilipo tangi. Pampu iliyo hai huvuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Ikivuma bila maji kutoka, umeme hauna kosa. Tangi ni tupu, mpira umechomoka, au vitundu vya kurushia maji vimeziba. Sindano nyembamba itatosha.

Ikinyamaza kabisa, fyuzi ndiyo ya kutazamwa. Huwa katika kisanduku kilicho chini ya dashibodi au ndani ya boneti, na mfuniko wake huonyesha kila fyuzi inahudumia nini. Katika baadhi ya magari waipa na pampu hutumia fyuzi moja, kwa hiyo vyote viwili vikifa kwa pamoja, jibu limekaribia. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kile kile: nyekundu ni ampea 10, ya buluu 15, ya manjano 20. Desturi ya kuziba pengo kwa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni ya kulaaniwa. Fyuzi huungua ili waya zisiungue, na waya zikishika moto ndani ya dashibodi, gari zima huweza kuteketea. Ikiwa fyuzi mpya nayo itakatika mara kijiti kinapovutwa, huenda mota ya pampu imekwama au waya imechunika ikagusa bodi mahali fulani.

Fyuzi ikiwa nzima, kazi huhamia kwenye plagi ya pampu. Hapo chombo bora ni taa ya kupimia iliyotengenezwa kwa balbu ya wati 21, kama ile ya indiketa, na vipande viwili vya waya. Multimita ni nzuri, lakini katika kazi hii yaweza kudanganya: waya iliyoliwa na kutu hadi ukabaki uzi mmoja huonyesha volti 12 kamili maadamu hakuna mzigo, ilhali haina nguvu ya kuzungusha mota. Balbu huvuta karibu ampea mbili, na udhaifu hujitokeza papo hapo kwa mwanga hafifu.

Plagi ichomolewe na balbu iunganishwe kati ya meno yake mawili, kisha kijiti kivutwe. Ikiwaka kwa nguvu, umeme unafika na pampu ndiyo mbovu. Sasa pesa zaweza kutolewa mfukoni. Isipowaka, ncha moja ya taa ifungwe kwenye chuma kisafi cha bodi, na nyingine iguse meno ya plagi, moja baada ya jingine. Katika gari la Kijapani la aina iliyoelezwa hapo juu, jino moja likiiwasha taa bila kijiti kuguswa, upande wa chanya ni mzima; kosa limo katika kijiti au katika waya hasi inayofungwa kwenye bodi. Hakuna jino linaloiwasha, hata kijiti kikivutwa? Basi umeme umekatikia njiani kati ya fyuzi na pampu, au, kwa gari la mpango wa Ulaya, ndani ya kijiti chenyewe.

Magari yenye waipa ya nyuma huwa na njia ya mkato. Baadhi yake yana pampu mbili katika tangi moja, zenye plagi zinazofanana. Plagi ya nyuma ikichomekwa kwenye pampu ya mbele, na maji yakatoka, mwenye gari amepata jibu bila taa wala fundi.

Mara nyingi ugonjwa huwa kwenye plagi yenyewe, na hapa mazingira ya kaunti hizi mbili yana mchango wake. Pampu hukaa chini, nyuma ya bampa au fenda, ambako hupigwa na changarawe na kurushiwa matope. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Ikutha na Mutomo sasa ina lami baada ya miaka mingi ya vumbi, lakini njia nyingi zinazochipuka kutoka kwayo bado ni za udongo. Isitoshe, visima vingi vilivyochimbwa kusini mwa Kitui hutoa maji ya chumvi. Maji hayo yakivuja kidogo tu kwenye shingo ya pampu, hufanya meno ya plagi yaote unga wa kijani unaozuia umeme. Msasa laini na grisi kidogo huyarudisha meno hayo katika hali njema. Sehemu ambapo waya hasi imefungwa kwenye bodi nayo huhitaji msasa uo huo.

Ukame una ubaya wake pia. Maji yanaponunuliwa kwa mtungi wa lita 20, hakuna anayeona busara kuyatia kwenye tangi la gari, na pampu hukaa kavu kwa miezi. Maji ndiyo yanayoilainisha na kuipoza. Ikizungushwa kavu mara kwa mara huungua, na ikiachwa na masalia ya chumvi hukwama. Pampu iliyokwama huweza kufufuka ikiloweshwa katika maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, kisha ikasuuzwa na kuunganishwa kwa sekunde mbili tatu moja kwa moja na betri, kupitia fyuzi. Maji ya kutia humo ni ya mvua au yaliyochujwa kwa kitambaa; yale yanayotekwa katika mchanga wa mito ya msimu hubeba punje zinazoziba chujio. Sabuni ya unga haifai, kwani huganda vitunduni.

Madereva wa malori wakumbuke kwamba magari yao mengi hutumia volti 24, hivyo balbu na pampu ziwe za kiwango hicho.

Endapo vipimo vyote vitaelekeza kidole kwenye kijiti, mwenye gari asiufungue usukani mwenyewe. Magari mengi ya sasa yana mfuko wa hewa humo, ambao plagi zake kwa kawaida ni za manjano, na huweza kulipuka usoni ukichokorwa. Fundi aitwe, aambiwe yaliyopimwa na yaliyoonekana, na waya hasi ya betri ichomolewe na kuachwa dakika kadhaa kabla ya bisibisi kugusa chochote.