Dari, Kenchi na Kiunzi: Istilahi za Ukarabati wa Nyumba

Mfasiri wa maelezo ya ukarabati wa nyumba hukutana mapema na neno dari. Neno hili ni la kawaida, lakini lina maana mbili ambazo zikichanganywa huleta hasara. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, dari hulala juu ya boriti nzito, nayo hukanyagwa, kwani ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu. Katika nyumba ya bati, dari ni kifuniko chepesi kilichofungwa chini ya paa. Atakayeikanyaga ataangukia chumbani.

Mkoani Singida tofauti hii hudhihirika zaidi. Tembe ya asili haina dari: nguzo zenye panda hubeba boriti, boriti hubeba fito, na fito hubeba udongo. Paa la bati lilileta kenchi, na pakawa na nafasi baina ya paa na chumba. Kwa hiyo hati ya kazi inayosema "boriti za dari" huacha shaka: je, ni mbao zinazobeba paa, au zinazoshika dari tu? Fundi akizikata za kwanza kwa kudhani ni za pili, paa litalegea.

Tunapendekeza mgawanyo ufuatao:

Kenchi: muundo wa mbao unaobeba paa.

Kiunzi cha dari: mbao nyembamba zinazoshika dari, ambazo mafundi wengi huziita blandaringi.

Bodi ya jasi: ubao wa jasi iliyofunikwa kwa karatasi ngumu pande zote mbili. Tusiseme "bodi ya plasta", maana plasta kwa fundi ni lipu ya ukutani, na kwa muuguzi ni kibandiko cha jeraha. Jasi ni pambo la sikio pia, lakini muktadha hutenganisha. Tena madini hayo huchimbwa Itigi, katika mkoa huo huo wa Singida.

Istilahi hizi hupata maana kamili kazini. Katika nyumba kuukuu kenchi mara nyingi zimepinda, hivyo bodi hazipigiliwi moja kwa moja juu yake. Kwanza fundi hukagua mbao zilizoliwa na mchwa. Kisha huchora ukutani, kwa pima maji, mstari ulio sawa kuzunguka chumba. Kiunzi hufuata mstari huo, na vipande vifupi vya mbao hukiunganisha na kenchi palipo na pengo.

Bodi ya kawaida ina upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 240. Mbao zikipangwa kila sentimita 40, ncha ya bodi huangukia katikati ya ubao. Hapa mfasiri awe mwangalifu. Akiandika "nafasi ya sentimita 40", fundi ataacha pengo la kiasi hicho. Ubao ukiwa na unene wa sentimita 5, kipimo kitakuwa 45, na ncha ya bodi itaning'inia hewani. Aandike: "sentimita 40 kutoka katikati ya ubao hadi katikati ya ubao unaofuata."

Tunawaomba walimu wa ufundi na watumishi wanaoandaa hati za zabuni wazitumie istilahi hizi, na kuziweka kando kwa kando na neno la fundi hadi zizoeleke.